Nauli ya kupanda Kinole

Alfajiri ya Kinole hunukia ndizi mbivu na moshi wa dizeli. Kiza hakijatoka vizuri mabondeni, lakini mikungu imeshapangwa kando ya barabara, mananasi yamejazwa kwenye matenga, na vijana wa bodaboda wanabishana na wachuuzi mzigo wa nani utangulie. Kutoka hapa, mashariki mwa Milima ya Uluguru, njia huteremka hadi kupita Kiroka na Bigwa na kuingia mjini Morogoro. Matunda mengi huishia Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la machifu wa Waluguru ambao makao yao ni hukuhuku Kinole.

Katikati ya matenga hayo kuna aina ya abiria ambaye haendi kuuza kitu. Ni mama aliyeketi na mwanawe mtu mzima, daftari la kliniki amelifunga kwenye pindo la kanga. Safari yao ni ya hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, kufuata vidonge vya mwezi au sindano. Msimu wa matunda ukiwa mzuri, safari hiyo haina mjadala. Masika yakikaza, barabara ikawa utelezi na nauli ikapanda, inaahirishwa hadi wiki ijayo, na wiki ijayo nayo ina mambo yake.

Dawa zikikatika, mwanzoni hakuna kinachoonekana. Pengine kijana mwenyewe husema anajisikia mwepesi kuliko alipokuwa akizimeza. Kisha usingizi unapungua, maneno yanakosa mwanzo na mwisho, na siku moja majirani wanaambiana kwamba kichaa kimempanda tena. Wengine watasema karogwa, wengine watasema ni bangi. Ni wachache watakaosema lililotokea hasa: familia ilikosa nauli.

Mashirika yanayohudumia wagonjwa wa akili majumbani na vijijini bila kutafuta faida yana mahitaji mengi, na tunaweza kuyajadili mchana kutwa. Mimi naanzia kwenye nauli, kwa sababu ukiielewa nauli umeelewa karibu kila kitu kingine.

Walipopelekwa mbali

Kwa muda mrefu jibu la serikali na la wamisionari lilikuwa kuwaondoa wagonjwa nyumbani. Huko Lutindi, kwenye Milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kilutheri walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili, na hadi leo hospitali hiyo ya kanisa inajulikana kwa kuwafanya wagonjwa washike jembe, wafuge na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Mwaka 1927 ikaja Mirembe, Dodoma, ambayo jina lake limeingia hadi kwenye matusi yetu. Mtu akikosea hesabu za dukani huambiwa apelekwe Mirembe, na wote wanacheka.

Kwa familia ya Kinole, Dodoma ni zaidi ya kilomita 250 kutoka Morogoro mjini, ukiacha mteremko wa kufika hapo mjini. Aliyepelekwa huko zamani hakuwa na wa kumtembelea. Aliporudi, kama alirudi, alikuta shamba limeshapewa mtu mwingine na kitanda chake kinalaliwa na mpwa.

Baada ya Uhuru nchi ilijaribu njia nyingine. Vikaanzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako mgonjwa aliyetulia aliishi, akalima na kufuatiliwa na wauguzi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, likafanyika jambo ambalo watu wengi wa Morogoro wamelisahau. Tanzania, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, ilichagua mikoa miwili ya kujaribia mpango wa taifa wa afya ya akili. Mmoja ulikuwa Kilimanjaro. Wa pili ulikuwa Morogoro.

Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza. Mfundishe mganga wa zahanati na muuguzi wake kumtambua mwenye skizofrenia, mwenye kifafa na mwenye sonona. Mpe orodha fupi ya dawa. Mwelekeze ni nani amtibu mwenyewe na ni nani ampeleke mbele. Hapo mgonjwa hatahitaji kuhama mkoa, maana huduma itamkuta karibu na kwake. Dunia ilikuwa imetoka kukubaliana huko Alma-Ata, mwaka 1978, kwamba afya ya msingi ianzie kijijini.

Fedha za wafadhili zilipokoma, kasi ikapungua. Wazo lilibaki kwenye sera, na wauguzi waliofundishwa wakaendelea walivyoweza, lakini dawa hazikufika kwa mpangilio ule na msimamizi hakuwa tena na mafuta ya gari. Mkoa huu, kwa hiyo, hauhitaji mtu wa kuufundisha kwamba huduma ya akili inawezekana kijijini. Umeshaiona. Umeshaona pia inavyonyauka pale fedha zote zinapotoka mfuko mmoja ulio mbali.

Vidonge vya Mahenge

Kuna mfano wa pili, nao ni wa mkoa huuhuu. Mwaka 1960 daktari kijana mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Ulanga. Alikuta Wapogoro wengi wenye ugonjwa huo wamejaa makovu ya moto, kwa kuwa degedege liliwakuta wameketi jikoni na hakuna aliyethubutu kuwashika. Watu waliamini kifafa huambukiza kwa mate na uchafu wa mgonjwa, basi alikula peke yake na kulala peke yake, na alipoanguka motoni aliungua peke yake.

Dawa aliyotumia ilikuwa fenobabitoni, ambayo hata wakati huo haikuwa ya gharama kubwa. Kazi ngumu ilikuwa kuifanya isikatike. Mwenye kifafa akiacha dawa hiyo ghafla anaweza kupatwa na degedege mfululizo, moja halijaisha lingine limeanza, na hali hiyo huua. Dawa inayokuja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao inaweza kumletea hatari ambayo hakuwa nayo. Jilek-Aall alipoondoka kwenda kuishi Kanada, kliniki iliendelea mikononi mwa wauguzi wa misheni na watu wa hapo, naye akawa anarudi mara kwa mara kwa miongo mingi.

Hapo ndipo huduma hii inapotofautiana na misaada tuliyoizoea. Kisima kikichimbwa leo, hata mchimbaji asiporudi maji yatatoka kwa muda. Darasa likiezekwa, watoto wataketi ndani. Mgonjwa wa akili anamhitaji mtu yuleyule arudi na dawa ileile mwezi hata mwezi, kwa miaka. Anayetaka kupiga picha akikata utepe hatapata utepe hapa.

Hesabu ya safari

Tufanye hesabu ya mezani. Chukua kata moja ya mlimani yenye wagonjwa 30 wanaotumia dawa za akili na za kifafa. Wengi hawawezi kusafiri peke yao, basi kila mmoja ana ndugu wa kumsindikiza. Watu 60 wanashuka mjini na watu 60 wanapanda. Ni nauli 120 kwa mwezi mmoja, ukiacha chakula cha mchana mjini na siku mbili za shamba zilizopotea kwa kila kaya.

Sasa geuza safari. Muuguzi mmoja wa afya ya akili anapanda Kinole siku moja kwa mwezi, dawa zikiwa kwenye begi, anaketi zahanati kuanzia asubuhi, anawaona wote 30 na kushuka jioni. Ni nauli mbili.

Wahudumu wa afya wanaiita huduma ya mkoba, na mama zetu wanaijua vizuri kwa sababu chanjo za watoto zimewafikia hivyohivyo kwa miaka. Ndiyo kazi hasa ya shirika la hisani linalohudumia afya ya akili katika jamii. Halijengi hospitali ya pili. Linaziba pengo kati ya hospitali iliyopo chini na mgonjwa aliyeko juu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuchangie wakati serikali ipo. Swali ni halali. Miongozo ya afya inayataja magonjwa ya akili miongoni mwa magonjwa sugu yanayostahili msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Tarehe 31 Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kupata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, na hao ndio majirani wanaoweza kugonga mlango na kuuliza kwa nini fulani hakuja kliniki. Hiyo ni misingi mizuri. Lakini msamaha wa malipo haulipii gari, wala haulijazi kabati la zahanati siku likiwa tupu. Duniani kote, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, nchi hutenga kwa wastani takribani asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili, huku mtu mmoja kati ya wanane akiwa na tatizo la aina hiyo kwa hesabu ya mwaka 2019. Kati ya asilimia 2 na mtu mmoja kwa wanane ndipo mashirika haya yanapofanyia kazi.

Dola 15 za Harare

Nauli haikwamishi Uluguru peke yake. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe amesimulia hadharani jinsi mgonjwa wake, msichana aliyekuwa na sonona, alivyojiua kwa sababu familia haikuwa na dola 15 za basi kumrudisha hospitali. Daktari alikuwepo, hospitali ilikuwepo, miadi ilikuwepo. Kilichokosekana ni tiketi.

Mwaka 2006 Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza kwa utaratibu na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Bibi hao hawakutumia maneno ya vitabu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo mtu yeyote wa hapa akilielezwa atasema ndilo hilo analoliita mawazo. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA: waliozungumza na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yameshafika hadi Zanzibar.

Kinole haina upungufu wa bibi wenye masikio. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, ardhi hupita huko, na mjomba ana kauli kwenye kikao. Shirika linalokuja mlimani likazungumza na baba wa mgonjwa tu, likaondoka likidhani limemaliza, halijaanza. Mwenye kuamua kama kijana atalindiwa kipande chake cha shamba akiwa kitandani, au kama binti atatolewa kwa mganga na kurudishwa kliniki, anaweza kuwa mjomba ambaye hakuwepo hata kwenye mkutano.

Mganga naye yumo

Na mganga tusimkwepe. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watu waliokwenda vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Vituoni, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi. Kwa waganga walikuwa asilimia 48. Yaani wengi wenye mawazo mazito huenda kwa mganga, tupende tusipende, kwa sababu mganga yuko karibu, anamjua mama yake na ana muda wa kumsikiliza.

Shirika lenye busara huketi na waganga hao. Huwaomba mambo machache: mgonjwa asifungwe kamba wala kupigwa, asizuiwe kunywa dawa za hospitali, na anayeanguka kifafa au kutaja kifo aletwe siku hiyohiyo. Anayekubali hayo amekuwa jicho la huduma kijijini. Anayewafunga watu minyororo ni kazi ya serikali ya kijiji.

Kadi ambayo hatujawahi kuipokea

Sisi si watu wasiotoa. Harusi ikitangazwa, kamati inaundwa, kadi za mchango zinagawiwa, na katibu anakukumbusha kwenye simu mpaka unatoa kwa aibu. Msiba ukitokea, kabla marehemu hajaoshwa daftari la rambirambi limeshafunguliwa. Tumezoea kutoa kwa ajili ya siku moja.

Ni nani aliyewahi kupokea kadi ya mchango wa kumrudishia mtu akili zake? Ugonjwa huu hauna siku moja, hauna tarehe ya kilele, na familia yenyewe mara nyingi inauficha. Kwa hiyo unahitaji mfuko wa namna nyingine, nao tunao tayari: VICOBA. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii unaochangiwa kila kikao kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kikundi cha watu 30 kikiongeza sh 1,000 kwa kila mwanachama kwa mwezi, kinapata sh 30,000, na kwa mwaka sh 360,000. Kwa fedha hiyo muuguzi anapanda na kushuka, na aliyezidiwa anakodiwa pikipiki usiku. Vikundi vitatu vya kata vikipokezana, hakuna mfadhili wa mbali ambaye kuondoka kwake kutaizima huduma.

Aliye Dar es Salaam au ughaibuni, ambaye kila Desemba hurudi na zawadi, anaweza kusaidia vizuri zaidi kwa kutuma kidogo kila mwezi. Laki moja ya Krismasi ni furaha ya siku. Elfu nane na mia tatu kila mwezi kwa mwaka mzima ni karibu fedha ileile, na shirika linaweza kupanga safari zake kwa kuitegemea.

Kuchangia kuna njia nyingine zisizo fedha. Mwenye gari la matunda anaweza kutoa kiti. Mwenye shamba anaweza kumpa kazi aliyetulia, kwa ujira uleule anaowapa wengine. Mkulima yeyote wa hapa anajua mpilipili manga haujisimamii: huupanda kwenye shina la mti ulio hai, ukapanda nao, na msimu ukifika unazaa. Hajaonekana mtu aliyeung'oa kwa kusema ni mvivu.

Kabla hujatoa

Kila palipo na huruma pana na mjanja, na magonjwa haya yamewapa wajanja nafasi. Muulize anayeomba mchango kama shirika lake limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na hesabu zake husomwa wapi na mbele ya nani. Muulize ni muuguzi au daktari gani mwenye leseni anayeandika dawa. Muulize mwezi uliopita walikosa dawa gani, na walifanya nini. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la mwisho hajawahi kufanya kazi hii, kwa sababu wanaoifanya hukosa dawa na hukumbuka vizuri siku hizo.

Muulize pia kama kwenye kamati yupo mtu aliyewahi kuugua mwenyewe. Na ukioneshwa picha ya mgonjwa akiwa uchi au amefungwa mnyororo ili moyo wako ulainike, funga mkoba wako. Mtu huyo atapona, atarudi sokoni kuuza ndizi, na picha itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu.

Mchana, matunda yakishauzwa, magari huanza kupanda tena kutoka mjini. Yanarudi na sukari, unga, mfuko mmoja au miwili ya saruji na abiria wachache wenye matenga matupu. Asubuhi hakukuwa hata na pa kuweka mguu. Kuna kiti kinachopanda mlimani kila siku bila mtu, na muuguzi mwenye begi la dawa angetosha hapo.